Tuachieni Makosa ya Kipa, Tucheke

Nianze na swali, na ujibu bila kudanganya kwa sababu hakuna mtu anakuona. Shuti ni dhaifu, mpira unabingirika kama chungwa lililoponyoka kwa kikapu cha mama sokoni. Kipa anainama kuuokota, unampita katikati ya miguu na kuingia wavuni polepole, kama mgeni aliyeambiwa karibu. Kitu cha kwanza kinachokutoka mdomoni ni nini? Kicheko? Ama ni lile neno moja, "Ameuza"?

Kama ni hilo neno, usijali, uko na wenzako wengi. Huku kwetu Muthetheni, pande za Mwala, Kaunti ya Machakos, neno hilo siku hizi linatoka kabla ya "Gooo!". Na kabla uniambie eti huku ni ushago na hatujui mpira, simu zetu zinashika mtandao kama yako ya Nairobi. Kuna vijana wa bodaboda hapa sokoni ambao hawawezi kukutajia MCA wa wadi yao, lakini watakwambia straika wa timu ya daraja la pili kule Norway ana jeraha la goti na hachezi Jumamosi. Hawajawahi kuiona hiyo timu. Hawajui hata jezi yake ni ya rangi gani. Wanajua tu kwamba iko kwa beti.

Hoja yangu leo ni moja, na nitaipigia kelele mpaka mwisho: kamari haijatuibia pesa peke yake. Imetuibia haki ya kucheka kosa. Na mpira bila makosa ya kuchekwa ni mkutano wa chifu.

Makosa ndiyo mali yetu

Wewe fikiria tu. Tukisema ukweli, mashabiki wengi tunaishi kwa makosa ya watu wengine. Shabiki wa Chelsea aliyezaliwa juzi anajua kwamba tarehe 27 Aprili 2014 Steven Gerrard aliteleza pale Anfield, Demba Ba akachukua mpira akaenda zake, na Liverpool wakakosa ubingwa. Shabiki wa Liverpool naye bado anaona Loris Karius kwa ndoto: fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018 kule Kyiv, mpira anaurusha kwa mkono unagonga mguu wa Karim Benzema unaingia, halafu shuti la Gareth Bale linapita mikononi kama sabuni.

Na hatujafika kwa Manchester United, ambao kwa wema wao wamejitolea kutuchekesha bila malipo. Msimu wa 2024/25 walimaliza wa 15. Wakafika fainali ya Europa League, wakapigwa 1-0 na Tottenham, timu iliyomaliza wa 17! Hiyo ilikuwa kama majirani wawili wenye deni la kodi kugombania nani atakuwa mwenye nyumba. Halafu Agosti 2025 wakaenda kwa Grimsby Town, timu ya daraja la nne, wakatoka 2-2 na kushindwa kwa penalti 12-11. Penalti zilipigwa mpaka karibu zamu ifike kwa dereva wa basi.

Stori kama hizi ndizo zinafanya kinyozi apunguze kasi ili maongezi yasiishe. Ndizo zinafanya shabiki wa Arsenal na wa Man U wale muthokoi kwa sahani moja wakitukanana kwa upendo. Hata kwa uwanja wa vumbi, ile mechi ambayo mshindi anapewa mbuzi, beki akijifunga kijiji chote kinajua na anapewa jina jipya. Jina hilo anazeeka nalo. Linaweza hata kusomwa kwa harusi yake.

Lakini kicheko hiki kina sharti moja: lazima uamini kwamba mtu alijaribu akashindwa. Ukianza kushuku kwamba alishindwa kwa makusudi, hakuna cha kuchekesha hapo. Unabaki na hasira tu, na hasira haina stori.

Hesabu ambazo hakuna mtu anakuonyesha

Sasa twende kwa kamari. Mimi chuo nilikiacha njiani, lakini hesabu ya kuzidisha niliimaliza shule ya msingi, na hiyo inatosha.

Mei 2017 Samuel Abisai alitabiri mechi 17 kati ya 17 akashinda jackpot ya SportPesa, zaidi ya sh221 milioni. Septemba 2018 Cosmas Korir naye akaondoka na zaidi ya sh208 milioni. Hao ni watu wa kweli na walilipwa. Picha zao na hundi kubwa kama mlango zilizunguka nchi nzima, na tangu siku hiyo kila kijana aliye na sh100 anaona yeye ni Abisai ambaye bado hajapigiwa simu.

Lakini hesabu hii nani alikuonyesha? Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Mechi 17 ni tatu mara tatu, mara 17. Jibu ni njia 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya kama milioni 47.6. Yaani kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa, angejaza tiketi mbili tofauti, na bado zaidi ya milioni 30 zingebaki bila mtu wa kuzijaza. Najua, wewe hubahatishi, unafuata fomu za timu. Sawa. Punguza hizo njia vile unataka, bado ni nyingi kuliko mchanga wa mto wetu.

"Mimi sichezi jackpot, mimi ni wa multibeti." Haya, njoo basi. Chukua sarafu. Kichwa ama mkia, nusu kwa nusu. Bei ya haki ingekuwa odds 2.00: weka mia, shinda mia mbili. Kampuni haiwezi kukupa hiyo kwa sababu nayo inalipa kodi na kununua magari. Tuseme inakupa 1.90. Hapo tayari mia yako ina thamani ya sh95. Si mbaya, unasema. Sasa panga sarafu kumi kwa tiketi moja. Bei ya haki ni mara 1,024. Kwa 1.90 unalipwa mara 613. Tafsiri yake ni kwamba mia yako imekuwa chini ya sh60 kabla refa hajapuliza kipenga. Kila timu unayoongeza "kunogesha" tiketi, unanogesha upande wa kampuni. Halafu timu moja ikikuchoma unamlaumu kipa!

Kipa wa watu. Umeanza kushindwa ukiwa bado umelala kwa kitanda ukichagua mechi.

Na si eti tuko wachache. Mwaka 2017 GeoPoll iliuliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika kama wamewahi kubeti. Kenya iliongoza: 76 kwa kila 100 walisema ndiyo. Kombe la Afrika hatujawahi kushinda, lakini hii tulibeba bila jasho.

Siku hela zilipoondoka

Hapa ndipo inauma, kwa hivyo vumilia.

Ilifika mahali mpira wa Kenya uliegemea mti mmoja tu. SportPesa ilikuwa kwa jina la ligi kuu, kwa jezi ya Gor Mahia, kwa jezi ya AFC Leopards, na kule Uingereza ilikuwa kwa kifua cha Everton. Julai 2019 serikali ikakataa kuwapa upya leseni kampuni 27 za kamari kwa sababu ya vita vya kodi. Septemba hiyohiyo SportPesa ikafunga biashara yake hapa nchini. Baadaye ilirudi, lakini kwa mpira madhara yalikuwa yamefanyika. Mti ulianguka, na wote waliokuwa kivulini wakagundua jua ni kali.

Gor Mahia, timu yenye mataji mengi kuliko zote Kenya, ikawa inasoma habari za mishahara kama sisi tunavyosoma habari za mvua: inasemekana inakuja. Sony Sugar walikuwa na msiba mkubwa zaidi. Hawa ni mabingwa wa Kenya wa mwaka 2006, si watoto. Msimu wa 2019/20 walikosa kufika kwa mechi tatu kwa sababu ya ukata, na sheria za ligi zikawatoa. Bingwa wa zamani alifukuzwa kwa kukosa nauli. Angekuwa ni abiria kwa matatu, makanga angemhurumia akamwambia panda, utalipa kesho.

Sasa jiweke kwa viatu vya mchezaji. Una miaka 23, ligi kuu, unaonekana kwa runinga. Mtaani wanakuita staa. Landlord anakuita kila Jumatatu. Mshahara umechelewa miezi, mtoto anataka maziwa, Fuliza imefika mwisho. Halafu simu inaita, namba ngeni. Sauti ni ya upole. Haikuambii "uza mechi". Inakuambia "mabao yafike manne tu, hata mkishinda, mimi sina shida." Ndiyo ubaya wa biashara hii: mpangaji wa matokeo hahitaji hata mshindwe. Kuna soko la jumla ya mabao, na pesa yenyewe inaweza kuwekwa mbali sana na hapa, kwa kampuni za ng'ambo ambazo zinauza mechi zetu kwa watu wasiojua Kericho iko upande gani wa dunia.

Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo ya ligi kuu. Watatu Wakenya walipewa miaka minne kila mmoja, na mmoja kutoka Uganda akafungiwa maisha. Mwaka uliofuata FIFA ikaamuru Zoo FC ya Kericho iondolewe kwa ligi kuu kwa sababu hiyohiyo. Mapema 2023 FKF yenyewe ikasimamisha wachezaji 14 na makocha wawili wakichunguzwa. Ukizipanga hizo tarehe na ile ya Septemba 2019, tafadhali usiseme kila kitu kilianza siku udhamini uliondoka. Mechi nyingine zilizochunguzwa zilichezwa kabla ya hapo, wakati jina la kampuni ya kamari bado liko kwa kifua cha ligi. Hilo ndilo la kuwaza: ligi iliyolishwa na kamari ilishambuliwa na kamari, na ilipoacha kulishwa ikabaki na kidonda na njaa pamoja.

Na usiniambie pia ni njaa tupu. Ivan Toney hakuwa na njaa. Alikuwa straika wa Brentford, ligi tajiri kuliko zote, na Mei 2023 alifungiwa miezi minane kwa kuvunja sheria za kubeti mara 232. Yeye hakushtakiwa kwa kuuza mechi, lakini anatuonyesha kwamba mshahara mnono peke yake si dawa. Tofauti ni hii: mwenye kupanga matokeo ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hununua mahali bei iko chini. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu ni bidhaa iliyowekwa bei ya kutupa, na tulioweka hiyo bei ni sisi.

Machakos ilimjua kama shujaa

Tarehe 17 Desemba 2017, Uwanja wa Kenyatta, Machakos mjini. Fainali ya CECAFA, Kenya na Zanzibar. Dakika 90 na za ziada zikaisha 2-2. Zikaja penalti, na Patrick Matasi akaokoa tatu. Kenya ikachukua kombe kwa mikwaju 3-2, na sisi watu wa kaunti hii tukajiona kana kwamba zile glovu tulizishona wenyewe. Kwa Kombe la Afrika 2019 kule Misri, alimzuia hata Sadio Mane penalti.

Machi 2025 video ikasambaa, na FKF ikamsimamisha Matasi siku 90 ili madai ya kupanga matokeo yachunguzwe. Tuelewane vizuri hapa: kusimamishwa si kuhukumiwa, na mimi si hakimu, wewe pia si hakimu. Lakini kumbuka tulifanya nini wiki ile. Tulirudi kwa mabao ya zamani kama askari wa upelelezi. Tukasimamisha video, tukachora mishale. Kila bao alilowahi kufungwa likawa ushahidi. Kuna kipa duniani anaweza kupita mtihani kama huo? Mtoe Karius wa 2018, mweke kwa ligi ya Kenya, halafu uniambie kama angelala nyumbani kwake usiku huo.

Hiyo ndiyo hasara ambayo haiko kwa tiketi yoyote. Mwizi mmoja akiingia kwa timu, wachezaji 20 waaminifu wanavaa jina lake. Beki wa miaka 19 anateleza kwa matope, anarudi nyumbani anapata jumbe za matusi kwa simu kutoka kwa mtu aliyepoteza sh50. Shilingi hamsini, msee! Chapati mbili na chai. Kwa bei ya chapati mbili unamwambia mtoto wa mtu hafai kuishi.

Sasa tufanye nini

Sitakuambia uache kubeti leo saa hii. Umeambiwa na mama yako, umeambiwa na pasta, ukaitikia "sawa" ukiwa umeshika simu. Serikali nayo imejaribu: Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa saini. Ni hatua nzuri, lakini sheria ya Nairobi haiwezi kukaa kwa kiti karibu na kila kijana hapa Muthetheni ikimshika kidole.

Nina mambo matatu tu ya kusema, na naona yanawezekana.

La kwanza ni la wenye mpira. Timu isiyoweza kuonyesha kwamba imelipa wachezaji isianze msimu. Tusiwaonee huruma kwa kuwaruhusu wacheze njaa, kwa sababu huruma hiyo ndiyo inafungulia mpangaji mlango. Na kesi zikianza, zimalizwe hadharani. Ukisimamisha watu 16 kwa kelele, tuambie mwisho wake kwa kelele ileile, ili asiye na hatia arudishiwe jina lake.

La pili ni la mchezaji. Ukipigiwa ile simu ya sauti ya upole, iripoti siku hiyohiyo, usisubiri uone kama itapiga tena. Najua unaogopa. Ndiyo maana shirikisho linafaa kuwa na njia ya siri ambayo kijana wa timu ndogo anaiamini. Yule mtu hanunui mechi moja. Akishakulipa mara ya kwanza, amepata kitu cha kukushikia maisha yako yote, na mara ya pili bei anapanga yeye.

La tatu ni lako wewe unayesoma. Kama lazima ubeti, toa mpira wa nyumbani kwa tiketi yako. Wachia Norway mambo ya Norway, na hii ligi yetu uiache iwe ya kutazama tu. Ile mia uliyotaka kuiweka, ambayo tumeshaona ni sh60, nunua nayo tiketi ya mlangoni. Hela ya mlangoni inafika kwa timu. Ulimwona kila mtu kwa CHAN Agosti 2025: Kasarani ilijaa, tukawapiga DR Congo, Morocco na Zambia bao moja moja, halafu Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali. Iliuma mpaka watu wakakosa hamu ya chajio. Lakini yalikuwa maumivu safi. Wale vijana walikosa penalti kwa sababu penalti hukosekana, na kesho yake tukawa bado tunawapenda.

Hayo ndiyo maumivu ninayotaka turudishiwe. Kwa hivyo wikendi hii, kukiwa na mechi kwa uwanja wa karibu nawe, weka simu mfukoni, simama kando ya mstari, piga kelele mpaka sauti iishe. Kipa akitoboka, mcheke vizuri, mpe jina jipya. Halafu mechi ikiisha mnunulie soda, kwa sababu Jumapili ijayo ni yeye tena golini, na wewe hutaki kudaka.